Likizo

Parachichi likianguka juu ya bati usiku wa manane
mume wangu huanguka nalo.
Hushuka kitandani bila kuamka,
hutambaa kwa viwiko hadi uvunguni,
na kutoka huko chini huniita Mwakyoma.
Miaka mitatu nimekuwa Mwakyoma.
Miaka mitatu nimeitika,
maana nisipoitika hulia.

Alirudi Rau na kofia ya buluu, redio, cheti chenye muhuri.
Wifi zangu walikata keki.
Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kurudi kutoka Kongo
akausahau usingizi wake msituni,
umekaa juu ya gogo, unamngoja.

Nilitaka kuukata mparachichi.
Akasema, "Mti una kosa gani?"
Hospitali walimpa vidonge. Vikamnenepesha.

Ni Nasieku, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliyetuelekeza Usa River, kwenye mabanda ya mbwa waliookotwa.
Nilicheka mpaka nikashika ukuta.
Kwetu mbwa hukaa nje, hula ukoko, hufukuza wezi na ngedere.
Mama mkwe akauliza,
"Mbwa sebuleni? Tangu lini mmekuwa Wazungu?"

Tukaenda. Wote walibweka isipokuwa mmoja:
kahawia, sikio moja nusu,
mgongoni ramani isiyo na nywele,
alimwagiwa maji ya moto sokoni Kiboriloni
kwa kosa la kunusa sufuria.
Alitupa kisogo, akatazama ukuta.
Mume wangu akakaa kwenye sakafu yenye mkojo,
naye akatazama ukuta.
Robo saa nzima.
Nimeona posa zilizokwenda vibaya kuliko ile.

Miezi minne, kila Jumamosi, walifundishwa pamoja.
Kaa. Ngoja. Gusa. Amsha.
Sijui nani alikuwa mgumu zaidi wa kuelewa.
Jina alimpa Likizo.
"Kazini niliomba," alisema, "sikupewa."

Siku hizi parachichi likigonga bati
pua ya baridi hufika shavuni kwake kabla ya mkono wangu,
halafu kilo ishirini za mbwa hupanda kifuani
na kukaa hapo, kama mgeni asiyejua kuaga,
mpaka pumzi irudi mahali pake.
Sitadanganya, niliona wivu.
Mlango niliougonga miaka mitatu
yeye alifunguliwa siku ya tisa.

Mtu asidhani amepona.
Fataki za harusi za Desemba bado zinamla.
Hotelini haketi akiupa mlango mgongo.
Juzi benki mlinzi alimwambia mbwa haruhusiwi,
akajibu, "Basi na mimi siruhusiwi,"
akarudi nyumbani bila pensheni,
tukala ndizi bila nyama wiki nzima.
Nilinuna. Likizo pia alinuna.

Lakini jana jioni.
Niliinua birika, kifuniko kikaruka, mvuke ukafoka,
na Likizo akatoweka.
Tulimkuta uvunguni, amejikunja kwenye kona,
anatetemeka mpaka chaga za kitanda zinalia.
Nikanyoosha mkono. Akang'ata hewa.

Mume wangu akavua viatu.
Akalala kifudifudi, akatambaa
kwa viwiko vilevile,
hadi gizani kulekule,
ila safari hii alikwenda kwa miguu ya akili yake,
macho wazi.
Nilibaki nimesimama na birika,
naziona nyayo zake tu,
zile nyayo pana zilizopasuka.

"Likizo," nilimsikia. "Likizo, tulia. Ni chai tu.
Hakuna kitu.
Ni Aikande, anapika chai."

Nilishika ukuta tena.
Nikaenda jikoni, nikazima jiko,
nikakaa kwenye kigoda
na jina langu.